Amri ya Tisa na Jirani Yetu Mwislamu

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio, yanachapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji. Masomo: Kutoka 20:16 na Matendo 17:16-31.)

Kama huko kwenu kunanyesha kama hapa kwetu Gesima, basi mmekaa karibu na moto, na chai imekwisha kuchemka.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri penye mlango mpaka watu wote wakaisha. Mkononi alikuwa na barua. Kijana wake, aliyesomeshwa kwa majani ya chai, kilo kwa kilo, alikuwa amepangiwa kazi ya ualimu katika shule ya Wajir. Mama akaniambia, “Mchungaji, tumeomba kazi miaka minne, na Mungu ametupa. Lakini je, ametupa au ametujaribu? Hao watu ni watu gani? Watamwacha hai? Na chakula chao, mtoto wangu ataweza kukila?”

Nilimwombea, nikamwambia arudi Jumatano. Nami nilipokuwa nikitembea kwenda nyumbani niliona aibu, maana nilijua kwamba maombi yale yalikuwa pia njia ya kupata nafasi. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Uislamu kwa ajili ya mtihani: nguzo tano, tarehe kadha, majina kadha, basi. Nilipita mtihani. Lakini mama huyu hakuniuliza swali la mtihani.

Maneno niliyomwambia ile Jumatano ndiyo ninayowaletea leo, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye. Nimechagua amri ya tisa kuwa msingi, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Sisi huifikiria kuwa ni amri ya mahakamani, au ya ugomvi wa mipaka ya shamba. Lakini mtu aweza kuivunja pia akiwa mimbarani, akisema habari za dini ya mwingine asizozijua. Nimeisikia ikivunjwa hivyo mara nyingi, na mara nyingine kinywa kilikuwa changu.

Tuanze basi mwanzo. Muhammad alizaliwa Makka, mji wa biashara katika Arabuni, mnamo mwaka wa 570. Alikuwa yatima. Baba yake Abdallah alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake Amina alikufa mtoto akiwa na miaka sita hivi. Babu yake akamlea, kisha ami yake Abu Talib. Alipokuwa na umri wa miaka 25 hivi alimwoa Khadija, mwanamke mjane mwenye mali, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfanyia kazi ya kusafiri na bidhaa. Watu wa Makka wakati ule walikuwa na masanamu mengi, na msafara wa kwenda kuyazuru ulileta fedha mjini. Muhammad alikuwa na desturi ya kwenda kukaa peke yake katika pango la mlima wa Hira. Waislamu husema kwamba huko, mnamo mwaka wa 610, malaika Jibrili alimjia na kumwamuru asome. Alirudi nyumbani akitetemeka, na Khadija akamfunika nguo. Tena, mapokeo yao yasimulia kwamba mtu wa kwanza ambaye Khadija alimwendea kwa ushauri alikuwa jamaa yake aitwaye Waraka bin Naufal, naye alikuwa Mkristo. Habari hiyo wengi wetu hatukuisikia Shule ya Jumapili.

Mahubiri yake yalikuwa mafupi: Mungu ni mmoja, siku ya hukumu yaja, msimdhulumu yatima na maskini. Wenye mali wa Makka hawakuyapenda. Waliwatesa wafuasi wake, hasa watumwa na watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Ndipo, mnamo mwaka wa 615, baadhi yao wakavuka Bahari ya Shamu wakakimbilia upande wetu huu wa Afrika, kwa mfalme wa Habash. Mfalme yule, ambaye Waarabu humwita Najashi, alikuwa Mkristo. Watu wa Makka wakatuma wajumbe na zawadi, wawataka warudishwe. Mfalme akawauliza wakimbizi dini yao ni ipi, na msemaji wao Jaafar, mwana wa Abu Talib, akamsomea habari za Mariamu na kuzaliwa kwa Yesu kama ilivyo katika Kurani. Mfalme akakataa zawadi, akawaacha wakimbizi wakae kwa amani.

Nataka mkumbuke hadithi hii, maana nitairudia. Kabla haujawa na mji wake katika Arabuni, Uislamu ulipata kimbilio katika Afrika ya Mashariki, chini ya ulinzi wa mfalme Mkristo.

Mwaka wa 622 Muhammad mwenyewe alihama Makka akaenda Madina, na Waislamu huhesabu miaka yao tangu hapo, ndiyo hijra. Madina alikuwa mhubiri, mwamuzi, na pia jemadari. Mwaka wa 630 aliingia Makka kwa ushindi akavunja masanamu. Mwaka wa 632 akafariki. Hapa tofauti na Bwana wetu yaonekana wazi, wala Mwislamu hataona vibaya tukiitaja: Yesu hakushika upanga wala hakutawala mji, na Muhammad alifanya yote mawili. Kwa hiyo kwa Mwislamu dini na sheria na utawala hukaa karibu sana, na mambo mengi tunayogombania nao yametoka hapo.

Sasa imani yao. Mwislamu huamini Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kwamba kila jambo lapimwa na Mungu. Vitabu wanavyovitaja ni Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa, na mwisho Kurani, yenye sura 114. Na matendo yake ni matano: kukiri Mungu mmoja na utume wa Muhammad, sala mara tano kwa siku, zaka, ambayo kwa fedha ni sehemu moja katika 40 ya akiba ya mwaka, kufunga mwezi wa Ramadhani tangu alfajiri hata jua kuchwa, na kwenda kuhiji Makka mara moja katika maisha, kwa mwenye uwezo. Mwezi wao hufuata mwandamo, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwalimu wa Wajir afaa kulijua jambo hilo, maana itafika Ramadhani ikiwa katikati ya jua kali, na watoto darasani watakuwa hawajanywa hata tone la maji.

Niseme kidogo juu ya sala, kwa kuwa ilinigusa. Nikiwa mjini Kisii kwa shughuli za kanisa nimesikia mara nyingi mwadhini akiita adhuhuri, nikaona mwenye duka akifunga mlango nusu na kwenda. Anamwacha mnunuzi na shilingi zake mlangoni. Sisi Waanglikana tuna sala za asubuhi na jioni katika kitabu chetu cha sala, zimepangwa vizuri kabisa. Ni wangapi tunaozisali siku ya Jumanne?

Na juu ya Yesu je? Wengine kwetu husema kwamba Waislamu wanamchukia Yesu. Huo ni ushahidi wa uongo. Kurani yamwita Masihi, yafundisha kwamba alizaliwa na bikira, kwamba aliponya wagonjwa na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu. Mariamu ana sura nzima yenye jina lake, ya 19, na ndiye mwanamke wa pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani yote. Lakini yakataa kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na katika sura ya 4 yakataa kwamba aliuawa msalabani. Basi hapo ndipo njia zinapoachana, wala hakuna adabu wala urafiki utakaoziunganisha. Kwa Mwislamu, Mungu humsamehe atubuye, bila mtu kufa kwa ajili yake. Kwetu sisi, Mungu mwenyewe alikuja akaubeba mzigo. Nilimwambia yule mama: mwanao atapendwa huko, naye ataulizwa swali hili, labda usiku wa kwanza, na watu wema kabisa, wakinywa chai. Hawatakuwa wakimtukana. Kwao kumwambia mtu kwamba Mungu ana mwana ni kama mtu kwetu kusema Mungu ana mke na shamba. Yafaa ajue kulijibu bila hasira. Kama hajui, asiwalaumu wao, atulaumu sisi tuliompa kipaimara.

Nije kwenye matawi, ambayo ndiyo mahali tunapochanganya zaidi. Hebu fikirini Mwislamu akija hapa Gesima atujue sisi. Atawaona Wasabato wakienda ibada Jumamosi, Wakatoliki na padre wao, Walutheri, Wapentekoste na ngoma zao, nasi Waanglikana wachache katikati, tumevaa mavazi meupe. Atasema, “Hawa Wakristo ni dini ngapi?” Nasi tungecheka. Basi na tusiwafanyie wao vivyo hivyo.

Mgawanyiko wao wa kwanza ulikuwa juu ya uongozi, si juu ya Mungu. Muhammad alipofariki, wengi walimchagua rafiki yake Abu Bakr awe khalifa. Baada yake Umar, kisha Uthman, ambaye wakati wake Kurani ilikusanywa katika nakala moja rasmi. Uthman aliuawa mwaka wa 656, na Ali akashika. Ali alikuwa binamu wa Muhammad na mume wa binti yake Fatuma, na wako waliosema tangu mwanzo kwamba yeye ndiye aliyestahili. Hao waliitwa Shia, yaani chama cha Ali. Waliobaki, ambao leo ni 85 mpaka 90 katika kila Waislamu 100, ni Wasunni.

Ali alipigana na gavana wa Sham, Muawiya, pale Siffin, mwaka wa 657. Vita vilipokwama wakakubaliana kutafuta waamuzi. Baadhi ya jeshi la Ali wakakasirika wakasema hukumu ni ya Mungu tu, si ya wanadamu, wakatoka. Mmoja wao ndiye aliyemwua Ali mwaka wa 661. Kutoka katika kundi pana la watu hao waliotoka, upande wa wale wapole waliokataa kuwaua Waislamu wengine, ndiko kulikotokea Waibadhi. Labda mnauliza, Waibadhi wanatuhusu nini? Wanatuhusu sana. Ndiyo madhehebu ya Oman, na masultani wote wa Unguja walikuwa Waibadhi, na raia zao wengi walikuwa Wasunni. Kwa hiyo pwani yetu ilitawaliwa muda mrefu na watu wa tawi dogo kabisa, nao hawakuwalazimisha wengine kulifuata.

Kifo cha Husein, mwana wa Ali, ndicho kilichofanya Ushia uwe kama tunavyouona. Aliuawa Karbala, katika nchi ya Iraki, mwaka wa 680, pamoja na jamaa zake wachache waliozuiliwa maji. Kila mwaka Washia huomboleza, katika mwezi wa Muharram. Katika miji yetu Washia wengi wana asili ya Bara Hindi: Maithnaasheri, wanaohesabu maimamu 12, Mabohora, na Maismailia, wanaomfuata Aga Khan. Aga Khan wa nne alifariki Februari 2025, na mwanawe Rahim akawa imamu wa 50. Mtu wa Gesima aliyewahi kutibiwa katika hospitali ya Aga Khan pale Kisumu ametibiwa na matunda ya tawi hilo, ingawa labda alifikiri ni jina la daktari.

Wasunni nao wana shule nne za sheria: Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Pwani yetu ni Shafii, na Wasomali vilevile. Tena kuna tarika, watu wa dhikri na maulidi. Nitamtaja mmoja tu, Habib Saleh wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1935. Yeye, mtu wa ukoo mtukufu, aliwafundisha dini wana wa watumwa na watu wanyonge ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao, na Msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo mashuhuri. Na liko kundi la Ahmadiyya, lililoanzishwa India mwaka wa 1889 na Mirza Ghulam Ahmad, ambalo Waislamu wengine hawalikubali kabisa. Misioni yao ilifika Kenya mwaka wa 1934, na mwaka wa 1953 walitoa Kurani kwa Kiswahili. Lakini hawakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mtu wa kanisa letu! Kanoni Godfrey Dale wa misioni ya Unguja alitoa tafsiri yake mwaka wa 1923. Waislamu hawakuipenda, maana aliijaza maelezo ya kuipinga. Ile iliyopendwa ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ilitoka kamili mwaka wa 1969.

Uislamu katika nchi yetu si mgeni. Pale Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi walikuta alama za msikiti wa miti wa karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka wa 1107. Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 aliwakuta watu wa misikiti na sala. Wakristo wa kwanza ambao watu wale waliwaona walikuja na mizinga: Vasco da Gama mwaka wa 1498, na mwaka wa 1505 Wareno waliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Ngome waliyoianza Mombasa mwaka wa 1593 waliiita kwa jina la Yesu. Mimi nimesimama chini ya kuta zile, na nakiri kwamba sikufurahi kuliona jina la Bwana wangu juu ya mizinga.

Wala upande wa pili hauna mikono safi. Biashara ya watumwa katika pwani hii iliendeshwa na Waislamu wengi, Waarabu na Waswahili, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka wa 1873. Wengi wa wazee wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika Kenya, wale wa Rabai na wa Freretown iliyoanzishwa mnamo 1875, walikuwa watumwa waliokombolewa. Lakini tukiwatupia Waislamu jambo hili, tukumbuke merikebu za Atlantiki zilikuwa za nani.

Na huku bara? Nabongo Mumia wa Wanga na watu wa nyumba yake waliupokea Uislamu, na hivyo Mumias ikawa makao yake ya zamani katika magharibi. Kwetu Gusii ulikuja na askari. Mwaka wa 1891 Lugard alichukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha, akawaleta Uganda. Baadaye wao na wenzao wakawa katika jeshi la King's African Rifles. Walipomaliza utumishi walipewa mahali pa kukaa, Kibera, Kisumu, na mji wa Kisii. Ndio Wanubi. Wapo Kisii wajukuu na vitukuu vyao, waliozaliwa katika udongo uleule wetu, nasi bado twawaita wageni.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana hakuja kusikia habari za Wanubi. Aliniuliza kama mtoto wake ataachwa hai.

Sikumdanganya. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, watu 28 walitolewa katika basi wakauawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu, walimu walikuwamo. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Haya si maneno ya uvumi. Walimu wengi wa bara waliondoka sehemu zile, wa kwetu pia, na siwezi kumlaumu hata mmoja.

Lakini nilimwambia na neno lingine. Waliofanya hivyo ni al-Shabaab, kundi lililojitokeza Somalia mnamo 2006, na ambalo huvunja hata makaburi ya masheikh wa tarika. Waislamu waliouawa nao ni wengi mno. Mlipuko wa Mogadishu wa tarehe 14 Oktoba 2017, ambao waliohukumu mambo walisema ni kazi yao, uliua watu zaidi ya 500, na karibu wote walikuwa Waislamu. Kumwita kila Mwislamu al-Shabaab ni kumweka muuaji na aliyeuawa katika kaburi moja.

Na kuna basi la pili. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi lingine liendalo Mandera lilisimamishwa. Washambuliaji wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa abiria Wakristo nguo za kujifunika kichwa wasitambuliwe, na watu wakawaambia wale wenye bunduki: tuueni sote au tuacheni. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, mwalimu, Mwislamu. Alipigwa risasi. Alifariki mwezi wa Januari 2016 hospitalini Nairobi. Alikuwa mwalimu, wasikilizaji, kama kijana wetu.

Niliposoma habari ile nilimkumbuka Najashi. Miaka 1,400 ilikuwa imepita tangu Mkristo yule alipowakataa wajumbe wa Makka.

Swali la tatu lilikuwa la chakula, na hilo lilikuwa rahisi. Kurani yawaruhusu Waislamu kula chakula cha watu wa Kitabu, ndio sisi, isipokuwa nguruwe na pombe na vitu kama hivyo. Nasi Paulo ametufungulia katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10. Nikamwuliza mama, “Nyama unayoinunua sokoni, nani aliichinja?” Akafikiri. Katika machinjio mengi ya nchi yetu mchinjaji huwa Mwislamu, ili watu wote wapate kula. Akasema, “Kumbe nimekula miaka yote hii.” Tukacheka wote wawili, na tangu hapo mazungumzo yetu yakawa mepesi.

Niliweka jambo moja la mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshika Biblia yake. Mwaka wa 1844 Ludwig Krapf, mtumishi wa misioni ya Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa. Sultani Seyyid Said, Mwislamu, alikuwa amempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wamsaidie. Mwezi wa Julai mkewe Rosina alikufa, na mtoto mchanga pia. Katika miezi hiyohiyo Krapf alikuwa akifanya kazi ya kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nani alikaa naye akimpa maneno? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu aliketi mkekani na mmisionari, neno kwa neno, wakitafuta jinsi ya kusema kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi.

Tazameni basi maneno tunayosali nayo. Imani, dhambi, toba, neema, rehema, baraka, malaika, sadaka, Injili, Zaburi, hata msalaba, hata kanisa lenyewe: yote yametoka katika Kiarabu, na yalifika kwetu kwa vinywa vya Waislamu. Sisi Wagusii tumeyapokea juu ya hayo, ndimi zetu zikiyavunja kidogo. Mama akafungua Biblia akaanza kuyatafuta kwa kidole, moja moja, kama mtu anayekagua mbegu.

Tulimwekea kijana mikono Jumapili iliyofuata, na Jumatatu alfajiri alipanda gari Keroka. Mama alimfungia pakiti mbili za majani ya chai kutoka kiwandani. Moja, akaniambia, ni ya kijana. Ya pili ni ya nyumba itakayokuwa karibu na yake, kwa sababu amesikia kwamba watu wa huko hunywa chai kwa maziwa ya ngamia, na hataki waseme mtoto wa Gesima amekuja mikono mitupu.